Safu ya Kumi

Umande wa Isongole haukauki kabla ya saa nne.
Nimekaa kwenye benchi la zahanati
na saa ya mkononi, penseli, fomu ya safu tisa.
Sitibu mtu. Kazi yangu kuuliza:
umetoka wapi, umengoja kiasi gani,
dirisha la dawa limekujibu nini.

Kwenye daftari la mwaka jana, safu ya maoni,
wino wa bluu umeandika neno lile lile
mara kumi na nne:
*alichelewa.*
Subilaga, mimba ya tatu. *Alichelewa.*

Nikaifuata njia yake kinyumenyume,
kutoka mlango wa zahanati hadi jikoni kwake:
mashamba ya viazi, mteremko, kijito
ambacho daraja lake ni magogo mawili ya mkaratusi,
kisha mianzi, kisha mlima tena.
Saa mbili na dakika kumi.
Na mimi sikuwa na uchungu, wala mvua.

Mama mkwe wake, Bi Atuganile, alikuwa anamenya viazi.
Hakuinua macho.
"Mwanangu hakuchelewa. Aliondoka jogoo wa kwanza.
Alifika. Akakuta kufuli."

Muuguzi ni mmoja, Tusajigwe.
Siku hiyo barua ilimwita Tukuyu
akachukue chanjo.

Sasa lile neno nilihamishie wapi?
Daraja lile limechelewa
tangu mimi niko darasa la tatu.
Muuguzi wa pili anachelewa mwaka wa sita,
na hakuna daftari linalomwandika.

"Mlikuja tena mwaka ule wa matope," akasema Bi Atuganile.
"Mkatuhesabu, mkatupa sabuni. Majibu mliyapeleka kwa nani?"

Penseli ikawa nzito kama mchi.

Nataka utafiti ujao uanzie hapa, kwenye moshi huu,
umuulize Tusajigwe analala saa ngapi,
uhesabu na kufuli.
Halafu urudi. Usomwe kanisani baada ya matangazo,
kwa Kinyakyusa, hata palipo na aibu yetu,
na waliohesabiwa waseme: hapa mmekosea.

Nikamwomba Bi Atuganile swali moja la kuongeza.
Akafikiri mpaka kiazi kikaisha mkononi.
"Ukishajua, utafanyaje?"

Nimechora safu ya kumi
kwa rula ya kuazima shuleni.
Nimeliandika swali lake juu.
Chini yake, hadi mwisho wa ukurasa,
bado peupe.