Kidole Hakisomeki

Karani wa chama kaja Kitangari na kimashine
cheusi, kina jicho la kijani.
"Weka dole gumba, Bi Asumini. Bonyeza. Tulia."
Nikaweka. Nikatulia.
Kikalia kama kifaranga aliyekanyagwa:
hakisomeki.

Cha shahada, hakisomeki.
Cha kati.
Cha pete, kilichovuliwa pete
tangu Nampunju apande basi la Masasi.
Hakisomeki.

Nyuma yangu wanaume wanakohoa.
Mzee Chipyangu alibonyeza mara moja tu
kikamwitikia. Dole lake laini, mistari yote ipo.
Huyo hajabangua hata punje.

Nikamwambia, karani, mwanangu,
alama zangu usizitafute hapo.
Miaka kumi na tisa nabangua uani,
majivu viganjani, na ganda linatema mafuta yake;
ngozi inababuka, inaota, inababuka tena.
Nyingine zimo kwenye mpini wa jembe la mama.
Nyingine kwenye kamba ya ndoo, kule bondeni,
enzi tukiamka saa tisa usiku kufuata maji.
Zilizobaki zimo kwenye magunia ishirini na moja ya msimu jana
yaliyoandikwa Nampunju,
yakalipwa Nampunju,
hata makato alikatwa Nampunju,
nami nikaachiwa mabibo.

Na mikorosho ni ya kwetu, upande wa mama!
Ardhi yetu hufuata tumbo.
Daftari lenu linafuata suruali.

Watu wakacheka.
Mimi sikuwa nachekesha.

Salima Likwata akatoka kwenye foleni,
akanyoosha vidole kumi mbele ya karani.
Fatu Mchenya naye. Na yule binti mgeni wa Mahuta,
vyake bado vibichi, vina malengelenge,
akavificha kwanza kwenye khanga, kisha akavitoa.

Karani akavitazama muda mrefu.
Akakizima kimashine, akakifunika na kofia yake,
akachomoa daftari la zamani na kalamu ya bluu.
"Andika jina."
Nikaandika. Herufi zikatoka nje ya kisanduku,
A ya mwisho ikaangukia kwa Chipyangu.
Akasema haina neno.

Mwanachama namba mia nne na sita.
Kiingilio nadaiwa nusu.
Gunia nililoshona mwenyewe likapandishwa kwenye mzani,
na mzani haukuniuliza kidole:
kilo themanini na moja.

Nimesimama pale hadi stakabadhi ikauke wino.