Jator

Neno fupi, lingetosha mfuko wa aproni:
jator.
Hapa Azpeitia hulitumia kwa mkate wa tanuri la kuni,
kwa kileo cha matufaha kisichoonjeshwa sukari,
kwa mbwa asiyebwekea mvua,
na kwa mtu.
La mtu ndilo nililolitamani.

Nilishuka garimoshi mwezi Machi, sanduku limefungwa kamba,
kutoka kusini kwenye vumbi, nije kushona soli kiwandani.
Nikajiambia: Obdulia, mwenye bashasha hanyimwi kiti.
Basi nikacheka. Nikamchekea jirani, nikamchekea karani wa posta,
nikazichekea ngazi za jengo zisizo na mtu.
Supu ya Maixabel ilikuwa chumvi tupu;
nikaomba niongezewe.

Wakaniita mpole. Wakaniita mwenye adabu.
Lile neno wakalipitisha juu ya kichwa changu
kama sahani ya moto inayokwenda meza ya pili.

Nilidhani ni la kuzaliwa nalo.
Shina lake, waliniambia, ni moja na neno lao la asili,
la mahali mtu atokapo.
Nikakata tamaa kwa heshima, huku natabasamu.

Miaka kumi na tisa.

Kisha Jumamosi moja ya manyunyu, kwenye foleni ya mkate,
Maixabel kaja na koti jipya, rangi ya haradali,
akazunguka mara mbili: "Unaonaje?"
Miguu ilikuwa inaniuma. Sindano ilikuwa imenichoma asubuhi ile.
Nikasema, "Godoro limesimama wima."

Duka kimya. Hata mwoka mikate kaacha kisu hewani.
Maixabel akajitazama kwenye kioo cha dirisha,
ubavu huu, ubavu ule,
halafu kicheko kikamtoka tumboni hadi akashika kaunta.
"Huyu," akasema, akifuta macho kwa mkono wa lile godoro,
"huyu mwanamke ni jator."

Sikujua pa kuweka uso.
Nikanunua mikate mitatu, nami naishi peke yangu.

Jana Abdelilah wa ghorofa ya tatu,
mgeni wa miezi miwili, mwenye meno yote nje,
kaisifia supu yangu iliyoungua.
Tamu mno, anasema. Tamu, mama.
Nikamjazia bakuli la pili, hadi ukingoni.

Nitangoja.