Uzi wa Tatu

Uzi wa kwanza unaitika.
Wa pili unaitika.
Wa nne, ule mnene, nikiugusa kwa gumba
vikombe vya Mize vinatetema kabatini.
Wa tatu: pu.
Kama kupiga gunia la mchele.
Kama mtu kaitwa, kajibu na mkono mdomoni.

Na harusi ni usiku huu, Konde,
na mimi niko Wete, sakafuni, na fulana,
besi imenilalia mapajani kama mtoto wa homa.

Haya, tuanze na lililo jepesi.
Amplifaya? Ingekuwa yeye
nyuzi zote nne zingelalama.
Basi si yeye. Nimemsingizia bure.

Sumaku, je? Nikalala ubavu, jicho moja nimelifumba,
nikapima kwa sarafu za mia:
uzi wa kwanza, sarafu mbili,
wa pili, mbili,
wa tatu, mbili.
Sumaku haina mpenzi wala mtalaka.

Uchafu! Hapo nikaona nimekamata mwizi.
Wiki nzima nilikuwa Mtambwe kwa ami yangu
nachambua karafuu, na jioni nakuja kupiga
na vidole vyangu vile vile.
Karafuu watu huijua kwa kunukia.
Mimi naijua kwa kuganda.

"Mize, niazime sufuria."
"Ya nini?"
"Nichemshe uzi."
Akanitazama kitambo.
"Basi si ile ya uji. Chukua iliyovunjika mkono."

Dakika kumi motoni. Maji yakawa kama chai ya rangi.
Nikaukausha kwa kanga kuukuu, nikaurudisha,
nikakaza kigingi, nikabana pumzi.
Pu.
Pu safi safari hii. Pu iliyokoga.

Nikamwita Shaame Kombo, fundi wa redio na feni,
hajui kupiga hata tari.
Hakuugusa uzi. Aliinama kule juu,
kwenye ncha, pale unapojizonga kigingini,
akavua miwani, akaivaa tena.
"Yakhe, uliukata lini huu?"
"Ijumaa."
"Ulikunja kwanza ndo ukakata,
au ulikata kwanza?"

Ijumaa Hamadi alikuwa nje na pikipiki, honi juu ya honi.
Koleo mkononi. Ta!
Kipande kikarukia chini ya kitanda
nami nikatoka mbio, napiga mbinja.

"Ndani mna waya ulionyooka," anasema Shaame,
"na juu yake umevishwa waya mwingine, duara kwa duara.
Kinachowashikanisha ni ile kona unayoikunja.
Ukikata kabla ya kona, nguo inalegea mwilini.
Kwa macho, umevaa.
Huu hata uuchemshe kwa zamzamu."

Uzi mpya uko Unguja, Darajani,
na boti ni kesho.

Akawa anakusanya bisibisi zake.
"Mimi muziki siujui," akasema.
"Lakini redio, stesheni ikikwama hapa
naitafuta kule.
Kwani hiyo sauti haiko pahala pengine?"

Iko.
Uzi wa nne, pingili ya tano.
Nene zaidi, ina ukwaju kidogo kooni,
lakini ndiyo yenyewe, jina lile lile.
Kwa hivyo usiku kucha mkono wangu
utapanda na kushuka shingo ya besi
kama mtu aliyesahau funguo juu ghorofani.

Konde. Taa za rangi, jenereta, viti vya kukodi.
Riziki anaimba, mabibi wanatunza noti,
na kidole changu, kwa mazoea, kinakwenda kwa maiti.
Nakirudisha. Kinakwenda tena.
Mara moja tu kilinishinda: pu,
katikati ya kiitikio,
na hakuna aliyegeuka.

Ila kule nyuma, karibu na jenereta,
Shaame, ambaye hakualikwa,
ana sahani ya pilau mkono mmoja,
na ule mwingine ameuinua juu ya vichwa vya watu:
vidole vitano.