Kutu ya Upande wa Mto

Chumvi kwanza.
Si ile laini ya mezani. Ile ya mawe,
Lamara huiponda kwa mgongo wa kijiko
hadi punje zilingane na
hazilingani, anasema,
kutu haina rula.

Analowesha ubavu wa plastiki kwa ncha ya brashi,
ananyunyiza chumvi pale rangi itakapokuja kubanduka,
kisha anapuliza juu yake kijani cha enzi zile,
kijani cha zahanati na cha makabati ya shule.
Ikikauka anasugua kwa mswaki wa marehemu mumewe.
Punje zinatoka na rangi yake,
na chini, wekundu uliokuwa umejibanza unachungulia.

Mji ni Chiatura. Dirishani kuna jabali,
juu ya jabali mgodi,
na kati yetu na mgodi nyaya zinazoning'inia bila mzigo.
Miaka ishirini na sita aliendesha gari la waya,
sanduku la chuma lililopandisha wachimbaji wamenyoa
na kuwashusha weusi kama masufuria.
Leo gari lenyewe lakaa mezani,
moja kwa sabini na mbili,
kiberiti kinalizidi.

Mimi ni mpangaji wake wa chumba cha nyuma.
Kazi yangu kushika taa na kunyamaza.
La kwanza naliweza.

Jabali ni magome ya msonobari
na jasi iliyogandamizwa kwa karatasi ya chokoleti
aliyoifinyanga, akaikunjua, akaifinyanga tena.
Udongo ni machicha ya kahawa, yaliyokaushwa juu ya jiko.
Vumbi la mgodi ni mkaa, aliousaga akiwa amefunga pua,
na bado alipiga chafya
na kituo cha chini kikapata mwaka mzima wa uchafu kwa mara moja.
Akakitazama. Kiache, akasema. Ndivyo kilivyokuwa.

Jumapili akaja Otar, fundi wa kuchomelea, mstaafu,
akaweka jicho kwenye kioo cha kukuzia
akakaa humo mpaka kahawa ikapoa.
Nzuri, akasema. Ila kutu umeiweka upande wa mlima.
Mvua yetu hutokea mtoni.

Hakupewa kikombe cha pili.

Usiku nilisikia msasa, kwa kituo kwa kituo,
kama panya mwenye kazi ya serikali.
Wiki tatu zikawa unga juu ya gazeti.
Asubuhi macho yake mekundu kuliko rangi:
Maji hufuata mkondo, akaniambia,
kutu hufuata maji,
na mimi nilikuwa naifuata kumbukumbu,
nayo haijui mto uko wapi.

Akaanza upya, ribiti moja baada ya moja.
Usichore kutu, akasema (kwangu? kwa mkono wake?),
uliza kwanza maji yaliingilia wapi.
Tone chini ya kila ribiti, halafu brashi kavu,
karibu haina kitu, ikivutwa kwenda chini
kama mtu anayejifuta chozi hataki aonekane.

Nikamsogezea chupa ya kutu kwa ajili ya kitasa.
Hapo hapana.
Kitasa hakikuwahi kuota kutu.
Zamu tatu kwa siku, viganja vyote vile.

Akakwangua risasi ya penseli,
akaishika kwa kidole gumba, akasugua
kitu kidogo kuliko nusu ya punje ya mchele.
Kikang'aa. Akaendelea kusugua.
Kilikuwa kimeshang'aa, hata mimi nilikiona,
mkono wangu ulishachoka na taa,
akaendelea.

Otar alirudi Jumapili ya pili.
Akachungulia. Safari hii hakuleta neno.
Kidole chake kinene, chenye makovu ya moto,
kilienda mpaka karibu na mlango, kikasita.

Umefunga? akauliza.

Bado, akasema Lamara, akimimina.
Kuna mmoja anakimbia.