Siku Tatu, Nyumba Moja

Nyumba kumi na mbili za wauguzi, Newala,
pale barabara inapochungulia bonde la Ruvuma
na maji hupanda kwa boza, kwa bei, kwa kubembelezwa.
Mimi nilikuwa stoo. Kazi yangu kuhesabu misumari;
nikawa nahesabu hasara.

Mwezi wa kwanza tulijenga kama watu wanaokimbia nyuki.
Plasta imekauka, inang'aa,
fundi umeme akaja na tindo akaichana.
Fundi bomba akachimba mfereji mlangoni
mpaka rangi akiwa bado ndani na ngazi yake.
Nyumba ya nne mafundi kumi na tisa, wanakanyagana;
nyumba ya tisa, kunguru watupu.
Na jioni kila mtu alikuwa amechoka kihalali.

Kisha akaletwa msimamizi, Somoe Likwena wa Nachingwea,
mfupi, kofia ya njano imemzidi kichwa.
Siku mbili hakusema kitu.
Alizunguka na saa na daftari la shule
akiandika nani anamsubiri nani.
Siku ya tatu akaniomba plaiwudi na chaki.
Akachora miraba: nyumba wima, siku kwa ulalo.

"Siku tatu kwa nyumba. Kila kikosi.
Mwashi akitoka, umeme unaingia; umeme ukitoka, plasta.
Atakayelemewa nitamwongezea saidia.
Atakayezidi mwendo..." akamtazama Nandonde,
ambaye mwiko wake haujawahi kuwa na breki.
"Mimi nyumba namaliza kwa siku mbili," Nandonde akasema.
"Najua. Ya tatu utafagia."
Tulicheka sote. Yeye hakucheka.

Usiku, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji,
nikaandika (darasani nilipenda hesabu ya silabi
kuliko hesabu yenyewe):

    Siku tatu ni mizani, kila nyumba ni ubeti,
    kuchelewa ni madeni, kuwahi si sifa, keti,
    mwachie mwenzio ndani, umeshafagia, eti?
    Kesho uwe mlangoni, saa moja, si bahati.

Nikaibandika mlangoni mwa stoo.
Nandonde akaisoma, akahesabu kwa vidole, akitafuta kosa.
Hakulipata. Akakasirika zaidi.

Lakini siku ya nne, saa moja asubuhi,
ndoo zote zilinyanyuka pamoja,
vikosi vyote vikasogea mlango mmoja,
na mimi nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia pale kazini:
hakuna aliyeita jina la mtu kwa hasira.
Saruji ikaja kidogo kidogo, mifuko kumi na minane,
si lori zima la kugandia kwenye umande.
Boza Jumatatu, boza Alhamisi.
Nikajua kesho nitaombwa nini, na nani.

Nyuma ya waashi Somoe aliacha nyumba moja bila mtu.
"Hii ya nani?" nikauliza.
"Ya korosho."
Sikuelewa mpaka Oktoba, vibarua sita walipopotea
kwenda kuokota mashambani mwa mama zao.
Ile nyumba tupu ikaimeza ile wiki,
na nyuma yetu hakuna aliyejikwaa.

Wiki ya saba Ausi, fundi umeme, akafiwa na mtoto.
Somoe hakufuta mraba wake, wala hakuandika jina jingine.
Aliuacha vile vile, chaki mkononi,
kisha akasogeza ubao wote siku tatu mbele.

Asubuhi ile nilimwona Nandonde
amesimama mlangoni mwa nyumba ya nane,
plasta imeshachanganywa,
kuta wazi, nyaya zinaning'inia hazijafichwa.
Mwezi wa kwanza angepiga tu, na Ausi angerudi na tindo.
Alisimama sana.
Akaimwaga plasta, akaosha ndoo, akaja stoo.

Nilidhani anataka saruji.
Aliomba fagio.