Mapumziko ya Dakika Ishirini

Kipenga. Tuko nyuma kwa pointi kumi na moja
na Merle ameshainuka kwenye kochi
kabla ya tangazo la matrekta.

Matufaha ni ya kuokota, ya chini ya mti,
yale ambayo wanunuzi wa bonde la Huon
huyapita kama hawakuyaona.
Anakata, anatupa palipooza,
sukari guru, mdalasini,
chumvi ya ncha za vidole viwili.

Kinyunya ni cha dukani, cha tabaka tabaka,
kimetoka kwenye friza kikavu kama barua ya benki.
Anakikunja pembetatu, anabana kingo kwa uma.
"Zisigusane," ananionya.
"Kitu kinachovimba kinataka nafasi."

Kikaangio cha hewa kinavuma mezani
kama Clarrie alalapo mchana.
Oveni ya mama yao ipo palepale pembeni,
siku hizi ni kabati la masufuria.
Pai ya mama ilikula alasiri nzima;
angeliona sanduku hili angesema
haraka haraka haina baraka.

"Haina," Merle anamjibu, kwa dari.
"Ina dakika tisa."

Moja imepasuka ubavu,
utomvu wa tufaha umetiririka ukaganda, mweusi, mtamu.
Hiyo ni yangu, nasema,
wala sipulizi.

Goli letu la kwanza baada ya mapumziko
walilishangilia wao.
Mimi nilikuwa dirishani, ulimi nje,
nikiupepea kwa baridi ya Julai.