Glavu za Mwezi wa Saba

Ibra inaungua. Hata paka wa jirani
kajibanza chini ya gari, ulimi nje,
nami navaa glavu za sufu
nifungue friji.

Dawa ile ya dripu, ya Maskati,
imenigombanisha na baridi.
Chupa nikiigusa, sindano elfu;
funda moja tu, koo lajifunga komeo.
Basi nanywa maji ya uvuguvugu
yenye ladha ya baisa kuukuu
iliyolala mfukoni mwa mtu.

Hilal, mwanangu, huzima kiyoyozi bila kuambiwa,
akakaa nami jasho likimtiririka,
akidai hasikii joto.
Mwongo mkubwa. Mungu amzidishie.

Nywele hazikunitoka. Wageni husema,
"Mashallah, mbona hujambo!"
Hawajui kuwa vidole vimehama,
kwamba vifungo vyangu hunifungia Rayya,
mjukuu, miaka sita,
ulimi kautoa kwa kumakinika.

Jana nikaitoa kofia ya Hilal,
niliyoianza kabla ya haya yote.
Viua vitatu, kisha tone jekundu
juu ya kitambaa cheupe.
Sikulisikia. Nililiona tu,
kama habari ya mtu wa mbali.

Nimesuuza mara tatu. Limebaki doa
rangi ya chai iliyopoa,
na hapo juu yake nikatia kiua.
Kimekwenda upande.

Zimesalia dripu nne
na viua mia mbili na kitu.
Tutaona kipi kitatangulia kwisha.